Gauni la Kumficha Mama Mkwe

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alianza kwa kutukataza kandambili. Siku chache baada ya kufika Musoma na mkewe, alituma kwenye grupu la familia maelekezo ya namna ya kuvaa kwenye chakula cha jioni ambacho alikuwa anatuandalia ndani ya boti. Wanaume suruali ndefu, shati la kola, na viatu vinavyoficha vidole. Wanawake gauni la jioni. Kaptura hapana, kofia ya jua hapana, nguo za kuogelea hapana kabisa. Niliyasoma hayo nikiwa kibandani kwangu sokoni, nimekalia robota la mitumba, nikamfikiria mama yetu wa Butiama, mtu wa kitenge juu ya kitenge, akijizuia kwa shida asije na nguo ya kuogelea.

Nisimwonee. Huyu shemeji ni mhudumu wa mezani kwenye zile meli za kitalii zinazozunguka dunia na wazee wenye pesa. Mdogo wangu anafua na kupiga pasi kwenye meli hiyohiyo, chini kabisa, ambako hata dirisha hakuna, na huko ndiko walikookotana. Kwa maelezo ya shemeji, kwenye meli kuna siku za suti na siku za kawaida, na bwana mkubwa akija na kaptura siku ya suti anarudishwa mlangoni kwa tabasamu. Mtu aliyeishi hivyo miaka yote, ukimpa ziwa, boti na wakwe, akili yake itaenda wapi? Alisema ametumia ujana wake kuwavutia viti mama za watu, na sasa anataka amvutie kiti mama mkwe wake, mara moja tu. Mama yake mwenyewe alifariki huko Tanga yeye akiwa bado ananyonya, hata picha yake hana.

Maneno mazuri, ya kutoa machozi. Shida ni moja: kwetu, mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake wa kiume. Hali naye meza moja, hali akimwona, hali akionwa. Hampi mkono. Akimkuta njiani anaacha njia, na nguo yake lazima ifunike kila kinachoweza kufunikwa, maana mwili uliomzaa mke wako si wa kuutazama. Hata kanisani nimewaona akina mama wakihama benchi kwa sababu mkwe kaingia. Huo si ugomvi, ni heshima, ila kwetu heshima ikizidi inafananaga sana na ugomvi.

Mdogo wangu alikuwa amemweleza mumewe habari zote za Mara, samaki wetu, ng'ombe wetu, hata ubishi wetu, akaruka hilo moja tu. Ng'ombe wa mahari waliletwa na wazee wa upande wa shemeji yeye akiwa majini, kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga ukweni. Walipokwenda Butiama kusalimia, walipakuliwa chakula sebuleni, mama akala jikoni, na shemeji akarudi mjini akimsifu mama mkwe kuwa ni mpishi mwenye bidii, hata kukaa hakai.

Mama alinipigia simu siku hiyo hiyo. Hakusalimia.

"Nimezaa mtoto," alisema, "amekaa majini miaka yote hii, amerudi, na mimi niko jikoni namsikia anatafuna nyuma ya ukuta. Wiki ijayo anaondoka tena. Mimi nazidi kuzeeka. Nataka nikae naye nile naye sahani moja, basi."

Ungefikiri ni jambo dogo: binti amfuate mama jikoni, wale, yaishe. Hamumjui mdogo wangu. Alisema hawezi kumwacha mumewe ale peke yake sebuleni na picha ya marehemu baba, mumewe si ugonjwa wa kuambukiza, na kama ni kula watakula wote au hakuna kula. Akamkumbusha mama mahubiri ya Jumapili, ya yule mama mkwe aliyeponywa homa, akainuka akawahudumia wageni wa mkwewe. Mama, ambaye hajawahi kushindwa Biblia na mtoto aliyemzaa mwenyewe, alimjibu taratibu, "Aliwahudumia. Haikuandikwa popote kwamba alikula nao."

Wakanuniana, watu wawili wenye kichwa kimoja kigumu, na siku zinakwenda. Shemeji hakujua lolote, alikuwa bado anatuma picha za namna ya kukunja leso. Mwishowe mama ndiye aliyelegea, kwa namna yake. "Nitapanda hiyo boti," aliniambia. "Wewe si unauza nguo? Nitafutie nguo ya kunificha."

Nimeulizwa nguo nyingi katika kazi hii. Nimeulizwa ya harusi, ya msiba, ya kwenda mahakamani, hata ya kwenda kumwonyesha mume aliyekukimbia kwamba umenenepa. Ya kumficha mama mkwe ndani ya boti isiyo na chumba sikuwahi kuulizwa.

Na gauni lilikuwepo tayari, ndilo balaa. Mdogo wangu alimletea mama kutoka duka la kwenye meli, la bluu iliyokolea, linametameta, halina mikono, na mgongoni liko wazi mpaka kiunoni, kama vile kitambaa kilimwishia fundi. Mama alilishika kwa vidole viwili. Alisema ni zuri sana, akauliza lile lililobaki liko wapi.

Nililipeleka Bunda, kwa fundi mmoja wa Kabasa anayeshona sare za kwaya. Mafundi wa Musoma wananijua, wangelitangaza soko zima kabla sijafika nyumbani Buhare. Fundi aliligeuza gauni mbele na nyuma, akaniuliza ni la nini.

"La mama mkwe," nilimwambia. "Atakula chakula kwenye boti, na mkwe wake yumo humo humo."

Fundi hakucheka. Alivua miwani akaniuliza boti yenyewe ina urefu gani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa kwa huruma. "Mimi mama mkwe wangu yuko wilaya ya pili," alisema, "na bado naonaga ni karibu."

Akashona mikono mirefu, akaweka kola ya kufika masikioni, na mgongo akauziba kwa satini ya zambarau iliyobaki kwenye sare za kwaya. Ukimwangalia mama kwa mbele, yuko kwenye meli ya kifahari. Kwa nyuma, unasubiri pambio lianze. Watu husema heshima ni kitu cha bure, lakini hao hawajawahi kuipeleka kwa fundi.

Siku yenyewe tulikutana ufukweni Mwigobero. Boti ilikuwa ni ile inayopeleka watu na mizigo vijiji vya ziwani, siku nyingine zote imejaa magunia ya dagaa. Mwenye boti alikuwa ameisugua kwa sabuni tangu asubuhi, na kweli, sasa ilinuka dagaa walioogeshwa. Katikati palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, leso zimekunjwa umbo la ndege, uma na visu vya kila saizi, na kando yake hotipoti za ugali wa udaga wa muhogo na sato wa kuchoma. Chakula cha jioni kilianza saa kumi alasiri, kwa sababu nahodha alikataa katakata kutembea gizani akakanyage nyavu za watu. Jua lilituwakia usoni vizuri kabisa, na kofia, kama ilivyoelekezwa, ilikuwa marufuku.

Tulipomaliza kupendeza, nahodha akagawa maboya ya kuvaa. Asiyevaa, boti haiondoki. Kwa hiyo suti nyeusi ya shemeji na tai yake ya kipepeo, gauni la mdogo wangu, na gauni langu nililolifungulia robota tatu kulitafuta, vyote viliingia chini ya maboya ya rangi ya chungwa yaliyopauka, yenye jasho la abiria wa miaka yote. Tulifanana na watu wa kuziba mashimo barabarani.

Mama alipanda wa mwisho. Gauni, juu yake kitenge, juu yake mtandio mpaka kwenye nyusi, juu yake boya. Aliipita meza bila kuitazama, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na mashine, akatupa mgongo. Shemeji alikuwa ameshavuta kiti. Alibaki amekishika, kitupu, anatabasamu lile tabasamu la kazini, na boti ikaondoka.

Mdogo wangu akaanza kuangalia maji. Alikuwa amenyamaza miaka yote, na sasa aliamua kuendelea kunyamaza. Ilibidi niseme mimi.

"Shemeji, hatakaa," nilimwambia. "Kwetu mama mkwe hali na mkwewe. Hata akikuona tu, hawezi kula. Si kwamba anakuchukia. Anakuheshimu mno, ndiyo shida yenyewe."

Alikiachia kile kiti. "Kwa hiyo kule Butiama hakuwa na kazi jikoni?"

"Alikuwa anakula."

Nilijiandaa kwa hasira yake, au kwa hotuba ya mtu aliyetembea dunia. Majibu yangu nilikuwa nayo, na yalikuwa makali. Yeye akaniuliza tu, "Anapokula, nani anaruhusiwa kuwepo?"

"Wanawe. Wajukuu. Anayepakua."

"Anayepakua," alirudia.

Akavua boya, akavua koti la suti na tai, akalirudisha boya juu ya shati kabla nahodha hajamaliza kufoka. Akajifunga taulo la kufutia vyombo kiunoni. Halafu akaiondoa sahani yake mezani. Akaondoa uma wake, visu vyake, glasi yake na leso yake ya ndege, na mwisho akakibeba kiti chake mwenyewe akakiweka mbele kabisa ya boti, kimeelekea ziwani. Mezani pakabaki nafasi tatu, ya mama na zetu mabinti wawili tuliokuwemo. Nilikuwa na kejeli moja nzuri mdomoni, nikaimeza.

Alitembea mpaka nyuma, akasimama ubavuni mwa mama. Macho aliyapeleka kule kwenye mawe ya ufukweni, hakumgeukia hata kidogo.

"Mama, meza yako iko tayari," alisema. "Utakula na wanao."

Mama akanitazama mimi. Akaitazama meza, akavitazama viti. Nilimwona anapiga hesabu zake za ukwe, za bibi yake na za mama yake, na sikuthubutu kumsaidia. Siku mbili mbele mdogo wangu angeondoka, na nilijua kama mama hatainuka sasa hatainuka tena. Kisha akainuka.

Alikaa kwenye kile kiti kilichovutwa, kando ya mdogo wangu, akaushusha mtandio mabegani. Shemeji alipakua kwa nyuma, tukaona mkono wake tu, uso umetazama juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa nimemcheka sana huyu mtu na kandambili zake, na leo nasema wazi: sijawahi kuona mwanamume akimheshimu mama yangu namna ile, na wakwe wengine anao.

Mama aliusukuma pembeni ule ukoo wa uma na visu, akanawa, akamega tonge. Mdogo wangu akamchambulia sato, akatoa miiba, akaweka mnofu upande wa mama. Mama akaurudisha nusu upande wa mtoto, kama alivyokuwaga anafanya tulipokuwa wadogo. Walikuwa wanakula sahani moja.

"Umekonda," mama alimwambia. "Huko majini wanawapaga nini?"

Mdogo wangu aliinamia sahani. Aliendelea kutoa miiba hata pasipo na miiba. Mimi si mtu wa kulialia, ila siku hiyo nililia, nikalisingizia jua.

Boti ilipogeuka kurudi, mama alichukua sahani safi. Akaweka ugali, akachagua sato mkubwa kuliko waliobaki, akaongeza kachumbari na pilipili, akafunika kwa sahani nyingine. Akanisogezea.

"Mpelekee."

"Nani, mhudumu?" nilimchokoza.

"Mwanangu," alisema mama. "Amesimama toka tumeondoka. Hajala."

Nilimpelekea, na maneno ya mama nikamfikishia vilevile, sikuongeza wala sikupunguza. Alipokea kwa mikono miwili. Akaenda kukaa kwenye kiti chake kule mbele, akatupa mgongo, akaanza kula. Baada ya muda mabega yakaanza kumtikisika ndani ya boya. Mama naye alikuwa amegeuza uso, anaangalia upande wa mjini kama desturi inavyotaka, lakini si kwa macho yote.

"Ni pilipili?" mama alimuuliza mdogo wangu polepole.

"Hapana, mama. Analia."

"Basi msimtazame," mama alisema. "Mwacheni ale."