Maskini Kumi wa Nguvumali

Kiapo alikula baba, lakini hesabu iliyomfanya ale kiapo ilikuwa yangu.

Nauza mitumba. Nikifungua robota nahesabu nguo mara mbili, maana mara ya kwanza mtu huhesabu kwa matumaini. Kwa tabia hiyo, uchaguzi wa rais ulipofika wakanipa uwakala: nikae kwenye darasa la kupigia kura, nimlindie mgombea wetu kura zake. Alikuwa mtu wa mambo ya kale. Aliahidi kadhi apewe mahakama yenye meno, baa zisogezwe mbali na misikiti, wazee wasikilizwe. Mtaani kwetu Nguvumali nani angemnyima?

Jioni wakahesabu, nami nikahesabu. Tumeshinda. Nikaomba zirudiwe. Tumeshinda tena. Nikampigia baba simu kabla gundi ya fomu ya matokeo haijakauka mlangoni.

Baba alikuwa kwenye baraza la jirani yetu wa ng'ambo ya njia, fundi cherehani aliyestaafu. Hapo ndipo alipokunywa kahawa kila baada ya alasiri tangu mimi sijaota meno. Jirani kura yake alimpa mgombea yule mwingine, na hakuficha. Baba akasimama, simu mkononi, akasema mbele ya watu: "Wallahi, huyu wetu asipokuwa rais, mimi baraza lako hili sikanyagi tena!"

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ilikuwa ya darasa moja.

Nchi nzima ilipojumlishwa tukawa tumeshindwa. Wiki ya kwanza mtaa mzima ulikuwa na maelezo. Wiki ya pili maelezo yakapungua. Ya tatu watu wakarudi kuulizana bei ya mchele.

Baba hakuuliza kitu. Alasiri alikaa ukumbini, redio kaipa mgongo, akinywa kahawa niliyopika mimi, ambayo, nasema mwenyewe, haifai. Kanzu ya Ijumaa ikaanza kumning'inia kama ya kuazima. Jirani naye akatandika mkeka wake peke yake, akawa anapaza sauti toka ng'ambo:

"Kahawa imeiva! Haina chama!"

"Mwambie nimesikia," baba akaniambia.

"Amesikia!" nikapaza.

"Mwambie na kashata zipo!"

Kila siku hivyo. Nilichoka. Nami nilishindwa uchaguzi uleule, na hakuna aliyenipokea zamu ya kupiga kelele.

Nikajaribu njia za sokoni. "Baba, kiapo kilisema baraza. Tukikuwekea kiti chini, pale njiani?"

"Mwanangu, miye si suruali ya mtumba. Hunipunguzi bei."

Nikaenda kwa maalimu wa madrasa. Akasema kiapo kina kafara yake: walishwe maskini kumi, ndipo kifunguke.

"Kumi wote? Saba hawatoshi?"

"Weye, hapa si guliono kwenye mnada wa samaki."

Baba alikataa siku mbili. Nilijua kinachomuuma. Kutoa kafara ni kukiri kwa mdomo wake kwamba yule mwingine ndiye rais. Siku ya tatu, akitoka kutawadha, akasema bila kunitazama: "Mchele uwe mzuri. Wasije wakasema tumeshindwa na jikoni."

Nikapika wali wa nazi na samaki. Tatizo likawa walaji. Nguvumali dhiki tunayo, maskini hatuna. Kila niliyemgongea ananiambia, "Maskini, mimi? Jaribu nyumba ya pili." Mama mmoja alikubali kwa sharti ale jikoni, asionekane. Baada ya adhuhuri nikawa na wanane ukumbini na mmoja jikoni. Nikahesabu tena. Tisa.

Hodi ikapigwa. Jirani, na kofia yake ya kushona mwenyewe.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Nasikia mmepungukiwa mmoja."

Baba akakohoa. "Huyu si maskini. Ana bati jipya."

"Bati kaezeka mwanangu. Mimi nimepata rais tu. Kingine sijapata bado."

Mmoja wa walaji akapaliwa na wali. Baba hakucheka. Alimtazama rafiki yake juu mpaka chini.

"Umekonda."

"Nakunywa kahawa ya watu wawili. Silali."

Baba akasogea kumpisha mkekani. "Kafara si mchezo," akasema. "Wewe humo kwenye hesabu. Kaa ule, lakini humo."

Sahani ya kumi nikampelekea bibi mmoja asiyeona, nyuma ya msikiti. Yeye umaskini hakuukataa, aliuliza tu kama samaki ana miba. Niliporudi, jirani alikuwa anamalizia sahani ya kumi na moja, ambayo ilikuwa yangu.

Adhana ya alasiri ikapita, baba na jirani wakaswali, wakarudi kila mtu na upande wake wa njia. Baba akasimama mlangoni na makubadhi yake.

"Walikula wangapi?"

"Kumi."

"Hesabu tena."

Nikahesabu kwa vidole mbele yake, mmoja mmoja, na bibi wa nyuma ya msikiti. Kumi. Akavuka njia polepole, akapanda baraza kwa mguu wa kulia, akakaa pale pale pake pa zamani.

"Nimekuja kunywa kahawa," nikamsikia. "Habari za rais usiniulize."

"Nani kakuuliza?" jirani akasema, akammiminia.