Mti wa Shangazi Chebet

Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, miaka ile ya tisini, Shangazi Chebet aliporudi kwetu karibu na Roret baada ya kumzika mume wake. Baba alimjengea dada yake nyumba ndogo kando ya shamba la majani chai. Hata kabla mlango haujapakwa rangi, shangazi alichimba shimo mbele ya dirisha akapanda mche wa Nandi flame, ule mti wa maua mekundu, alioung'oa kando ya mto.

Nyanya, mama yao, alimwangalia tu, kisha akasema, "Huo ni mti wa msituni. Ukiupanda nyumbani, hutaona maua yake."

"Mama, mimi nimeokoka," shangazi akacheka. "Hiyo ni mambo ya kitambo."

Mti ukamea upesi. Shangazi naye akaanza kupungua. Kilianza kikohozi, vikafuata vidonda mdomoni, mwishowe miguu ikakataa. Majirani waliokuja kumwona hawakuketi, na chai waliyomiminiwa waliiacha ipoe. Ugonjwa hawakuutaja. Walitaja mti.

Ulipotoa matumba kwa mara ya kwanza, baba alichukua panga aukate. Nyanya akasimama mbele ya shina.

"Uache. Anataka kuyaona."

Kila asubuhi shangazi aliuliza kama yamefunguka. Bado. Alipoacha kula, nyanya alimwambia baba aangushe tawi moja tu. Nyanya akaketi kitandani, akapasua tumba kwa kucha. Maji yakamtiririka kiganjani. Ndani petali zilikuwa zimekunjamana, nyekundu tayari.

"Tazama, Chebet," alisema, akimwinua kichwa. "Ndiyo haya. Umeyaona."

Shangazi aliyatazama sana. Hakufika Jumapili.

Mti ulichanua wiki ya mazishi. Baada ya hapo wanawake wa kanisa waliacha kumsalimia nyanya, wakisema mdomo wake ndio uliomuua mtoto wake. Hakujitetea. Nafikiri hata yeye aliamini hivyo, mpaka alipoingia kaburini.

Sasa najua shangazi alitoka na ugonjwa ule katika ndoa yake, na watu wazima walijua tangu wakati huo. Kuutaja kungetuaibisha sote, kwa hiyo lawama tukaubebesha mti, kisha kikongwe. Juzi, tukinywa chai, nilimuuliza baba dada yake aliugua nini.

"Alikuwa mgonjwa tu," akasema, na akaniomba sukari.

Nikampa. Sikuuliza tena.