Bubu wa Mizinga

Mwanamke aliyeonekana Ishiara ameketi na Salesio Marete chini ya mgunga, Jumamosi moja ya mwaka 1986, alikuwa mke wake. Mke wa pete, wa kanisani, mama wa watoto wake wanne. Bundi, mnunuzi wa ndengu aliyewaona kutoka barabarani, hakudanganywa na macho. Alimwona Marete na alimwona mwanamke. Aliyoyaongeza alipofika soko la Nkubu ni yake mwenyewe, na kwa kuwa Marete sasa amezikwa na hakuna awezaye kumsumbua tena, inafaa watu wapewe habari ilivyokuwa.

Marete alikuwa mkalimani wa mahakama mjini Meru kwa miaka ishirini na tisa. Kazi hiyo ina desturi moja: mkalimani hasemi "huyu anadai alimpiga". Husema "nilimpiga". Shahidi akilia kwa Kimeru, mkalimani humgeukia hakimu na kusema, "Nilimkuta na mke wangu, nikachukua panga." Jioni Marete alifika nyumbani Nkubu, akaweka kofia mezani, akamwambia mkewe, "Mwalimu, leo nimeua mmoja, nimeiba ng'ombe wawili, na nimemkana mtoto." Miaka ya kwanza Mwalimu Cicily alicheka. Baadaye aliacha, kwa sababu mumewe naye alikuwa ameacha kutabasamu akiyasema.

Mdomo wake haukuwa na likizo. Majirani walimletea barua za serikali awasomee na kuwaeleza. Jumapili padri mgeni alimsimamisha kando ya mimbari amtafsirie mahubiri. "Nikistaafu simsemei mtu," alisema, akitia alama kwenye kalenda ya ukutani. "Bado miezi kumi na minne."

Alikuwa tayari ameanza Jumamosi zake. Alitoka asubuhi na mapema, akisema tu anakwenda kunyoosha miguu, akarudi jua likishuka, ananuka moshi, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga. Huo utulivu ndio uliomuudhi Cicily kuliko moshi. Ulitoka wapi, kama haukutoka nyumbani kwake?

Cicily alifundisha darasa la saba na alikuwa na jicho la kusahihisha. Katika pindo la suruali alikuta mchanga mweupe, na udongo wa Nkubu ni mwekundu. Kwenye soli ya kiatu, mwiba mrefu. Mfukoni, tiketi ya basi la Ishiara, kule chini kwenye joto la Mbeere, ambako hawakuwa na ndugu wala shamba.

Wiki hiyohiyo Kiende, muuza ndizi, akamvuta kando sokoni.

"Mwalimu, sikwambii kwa ubaya. Juzi nilikuwa kortini kwa kesi ya shemeji. Naingia tu, namsikia Mzee Marete anamwambia hakimu, 'Mtoto ni wangu, na mama yake nimemjengea huko chini.' Kwa mdomo wake!"

"Hayo yalikuwa ya shahidi, Kiende. Marete alikuwa anatafsiri."

"Haya. Mimi sikusoma sana," Kiende akasema, akipanga ndizi zake upya. "Lakini sauti ilikuwa yake."

Cicily akaondoka kichwa juu. Ila njia nzima swali moja lilimfuata: mtu anayeweza kusema uongo wa kila mtu kwa sauti yake, bila kupepesa jicho, wake mwenyewe atausema kwa sauti ipi?

Jumamosi iliyofuata alimwacha atangulie. Akavaa viatu vya kanisani, kwa sababu kama kuna mwanamke, hakutaka kukutana naye akiwa na malapa, akapanda basi la pili.

Pale Ishiara alianzia kwa Wambeti, mama muuza chai.

"Marete? Hapa hatuna mtu wa jina hilo."

"Mrefu, ana kofia ya kahawia. Huja Jumamosi."

Wambeti akajipiga paja. "Si useme bubu! Unamtafuta bubu wa mizinga!"

"Bubu?"

"Mwaka mzima hajatoa neno. Siku ya kwanza tulimsalimu, akainua kofia tu, tukajua ni ulimi. Akawa anamsaidia Mzee Njiru kupandisha mizinga ya nyuki mitini, sasa ana yake mitano. Wewe ni nani wake? Dada?"

"Dada gani wa viatu hivyo?" akasema mzee mmoja, na benchi zima likacheka.

"Na mke wake yuko wapi?" Cicily akauliza kwa sauti ya darasani.

"Mke! Nilimletea dada yangu amtazame. Bubu akakimbia utadhani nyuki wamemvamia."

Cicily hakucheka. Mtu wa lugha nne kujifanya bubu, lazima ana jambo kubwa la kuficha. Wambeti akaacha chai yake motoni, akampeleka mwenyewe.

Marete alikuwa ameketi juu ya jiwe, anachonga kifuniko cha mzinga. Cicily alitazama kila kitu kabla ya kumtazama yeye. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na kamba ya nguo, wala sufuria, wala nyayo ndogo mchangani. Palikuwa na migunga, nyuki, na kimya. Marete akainua kichwa. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Akasubiri, na uso wake ulikuwa wa mshtakiwa hakimu anapofungua faili.

Neno moja lingetosha. Cicily angemwita kwa jina la mtoto wao, "Baba Mwirigi," naye akaitika, Wambeti angekuwa shahidi, na kufikia Jumatatu jina la nyumba yake lingekuwa safi hadi soko la Nkubu. Na Jumamosi iliyofuata watu wa Ishiara wangekuwa wamepanga foleni pale mizingani, barua mkononi.

Akamwashiria kwa mkono: sogea. Marete akasogea, na mkewe akaketi kando yake jiweni.

"Kumbe bubu ana mtu!" Wambeti akasema, akaikimbilia chai yake. Ni wakati huo Bundi alipopita barabarani na magunia yake.

Tangu hapo, kanisani Nkubu, akina mama walimwachia Cicily nafasi pana kwenye benchi. "Pole, Mwalimu," walimwambia. "Pole ya nini?" aliwauliza, na hakuongeza neno, kwa sababu neno hilo lingegharimu Jumamosi za mtu aliyekuwa amebakiwa na siku moja tu ya kimya kila wiki. Marete alistaafu siku aliyoitia alama. Alichunga nyuki wake miaka tisa zaidi, hadi alipofariki. Wambeti alikuja mazishini, akasikia ikisomwa kwamba marehemu alijua lugha nne, akashika kinywa.

Sasa wanaotaka kujua wanauliza Marete alimwambia nini mkewe pale jiweni, Wambeti alipokwisha kuondoka, au kama alisema lolote. Padri hakuambiwa. Watoto hawakuambiwa. Hapa pia haisemwi.