Siku Friji Letu Liliponyamaza

Wiki iliyopita nilikuwa Mafiga kwa mama, vijana wa dukani walipoleta friji jipya. Wakalisukuma hadi likagusa ukuta. Nikajikuta nawapigia kelele walivute mbele, wakanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Wewe ngoja nikusimulie.

Nilipokuwa mdogo, friji letu lilikaa sebuleni kama mgeni rasmi. Mama alilivika kitambaa alichokifuma mwenyewe, kipana, kikashuka hadi mgongoni. Lilinguruma kutwa, nasi tukazoea kuzungumza kwa sauti ya juu bila kujua.

Bibi alishuka kutoka Kinole kuja kuishi nasi kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Dawa zake za sindano zilitakiwa kukaa mahali pa baridi, na kwake kule mlimani hakukuwa na umeme. Kanga zake zilinukia mdalasini. Nilimpenda kupita kiasi. Lakini uniti za umeme tulizonunua kwa Luku zilikuwa zinaisha kabla hatujageuka, na siku moja bibi akamsikia mama akilalamika jikoni. Kesho yake nikamkuta anafunga nguo zake.

"Narudi zangu Kinole, mjukuu wangu. Sitaki kuwamalizia umeme."

Nililia. Hata kwa utoto wangu nilijua kule hakuna pa kuweka dawa.

Akasema hawezi kuondoka na kuacha nyumba chafu, basi akachukua ufagio na kuingiza mkono nyuma ya friji. Akautoa upesi.

"Mama Neema, hebu njoo! Kabati la baridi, mbona mgongoni linachoma?"

Mama akaja, naye akagusa. Nikatumwa kwa jirani, mwalimu wa sayansi, akaja na kandambili zake, akapapasa nyuma, akacheka. Akasema friji halitengenezi baridi. Linachota joto la ndani na kulimwaga nje kwa nyuma. "Sasa ninyi mmelivalisha nguo na kulibana ukutani. Litapumzika saa ngapi?"

Nikaweka kiganja pale. Kumbe joto lile lilikuwa la maziwa yetu, la mchicha wetu, la maji yetu ya kunywa! Nimeona mengi tangu siku ile, na bado sijastaajabu namna ile.

Mama alisita, maana kitambaa kilikuwa fahari yake, kisha akakivua. Tukalivuta friji mbele, tukafagia vumbi lililogandana kama sufi, tukasugua mchuzi mkavu kwenye mpira wa mlango hadi mlango ukafunga barabara. Mama akaapa kutoingiza tena sufuria ya maharage ya moto. Tukakaa kunywa chai.

Mara, kimya.

"Limekufa!" Mama akaruka.

"Limetosheka, mama," mwalimu akasema. "Linapumzika."

Kwa mara ya kwanza nikasikia saa ya ukutani, na bibi akihema taratibu pembeni yangu. Baadaye likanguruma lenyewe, likanyamaza tena. Bibi akafanya ishara ya msalaba. Jioni akafungua furushi lake, na tangu hapo Luku ikawa inatufikisha mwisho wa mwezi.

Bibi akakaa nasi mpaka nikampita kimo. Alipofariki, mwalimu alikuwa ameshahama, na bibi tulimzika kwao Kinole. Tuliporudi kutoka mazishini, mama alifungua friji akakuta chupa moja ya dawa ya bibi, haijafunguliwa, ya baridi kabisa. Ilikaa pale muda mrefu sana. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa.