Mguu wa Kapteni

Kapteni wetu alijua kila kitu isipokuwa mguu wa kuanza nao. Siku za kawaida, hapa kambini Likasi, aliongoza gwaride vizuri tu, akitangulia mbele, sisi tukimfuata. Lakini akitazamwa na mkubwa, mambo yaliharibika. Jeshini mtu huanza na mguu wa kushoto, yeye alirusha wa kulia. Mwanamume aliyekwenda vitani bila kupepesa macho, leo anatoka jasho kwa sababu ya mguu.

Tulimcheka, ndiyo, ila kwa siri na kwa upendo. Kabla yake tulikuwa na wakubwa waliokula kwanza, sisi tukabaki kunusa. Huyu alikaa nasi chini, akamega bukari, ugali wetu wa huku, kwenye sahani moja na sisi, na samaki wa ziwa Tshangalele aliwagawa kwa mkono wake, kichwa akimwachia ajida, msaidizi wake, mzee wetu mlafi. Kwa hiyo tuliposikia kwamba kanali anakuja kutoka Lubumbashi kukagua gwaride, na kwamba tukiaibika kapteni atahamishwa, mimi, sajini mwanamke pekee wa kompanyi, nilikosa raha kabisa. Sikutaka kurudi kunusa.

Ajida ndiye aliyeleta dawa. Alitukusanya nyuma ya jiko, akasema kapteni hawezi kubadilika, basi tubadilike sisi: siku hiyo wote tuanze na mguu wa kulia. Tukikosea wote pamoja, nani atajua? Nilimuuliza kama hayo ndiyo aliyojifunza miaka yote jeshini. Akaniambia nifunge kinywa nifanye mazoezi. Tukafanya, kila kapteni alipoingia ofisini, tukijikwaa kama ndama.

Hatukujua kwamba naye alikuwa akifanya mazoezi nyumbani kwake, mke wake akimwamuru uani, mwiko mkononi.

Siku ikafika. Kanali alisimama kivulini, kapteni akatoa amri, akarusha mguu wa kushoto, safi kabisa. Nyuma yake kompanyi nzima ikarusha wa kulia.

Akasikia viatu havilingani. Akadhani amekosea tena, maskini, akaruka kidogo kubadili mguu. Sisi nasi tulikuwa tumeshaona yuko kwenye wa kushoto, tukaruka wakati uleule. Akaruka tena. Tukaruka tena. Watu waliokuwa kando ya uwanja wakaanza kupiga makofi, wakidhani ni ngoma mpya ya jeshi. Nilitamani ardhi inimeze, ila ianze na ajida.

Ndipo kapteni akageuza kichwa kidogo, bila kusimama, akasema kwa sauti ya chini:

"Mubakie vile muko. Minye njo nitafwata."

Tukabaki. Akatusikiliza, akaruka mara moja, tukalingana. Tulipita mbele ya kanali kwa kishindo kimoja, na mimi machozi yalinilenga, sifichi.

Baadaye kanali alimwita mbele yetu, akamuuliza nani hasa anaongoza kompanyi hii.

"Mon colonel," kapteni akajibu, akijigusa kifua kisha akituonyesha sisi, "kuko siku ni minye, kuko siku ni bao."

Kanali alicheka mpaka akavua kofia. Habari za uhamisho hazikusikika tena. Nilitaka kumkumbatia kapteni wangu, lakini sajini hamkumbatii kapteni. Mchana, tulipokaa kula, nikawahi sahani na kumwekea yeye kile kichwa cha samaki. Ajida amenuna hadi leo.