Jicho la Njano Ndani ya Stoo

Mimi ni mtu wa mdomo. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Asubuhi ile mume wangu alipoondoka nyumbani kwetu, mtaa wa Mbunya mjini Bunia, kwa mara ya mwisho, nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha meza mkononi. Nilikuwa nimekifuma mwenyewe, miezi minne mizima kabla ya ndoa yetu, na sasa katikati yake palikuwa na matundu matatu. Alikuwa ameweka betri ya pikipiki juu ya meza yangu ili aiongeze maji. Alisema asidi ilimwagika kidogo tu. Kidogo tu!

Nilimwambia mengi, na la mwisho lilikuwa hili: "Enda na ile pikipiki yako. Ulale nayo. Hapa usirudi."

Yeye hakuwa mtu wa kujibizana. Alirudisha betri mahali pake, akavaa koti la mvua, akasema, "Basi, leo nitalala kwa dada." Akapiga kiki, akaenda zake.

Alikuwa mtumishi wa kilimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya kahawa upande wa Djugu na Fataki, na kurudi Bunia alasiri. Hayo yalikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulipokuwa bado tunaitwa Wazairi.

Saa tisa alasiri lori la magunia lilisimama mbele ya nyumba. Dereva alikuwa amemkuta ameketi kando ya barabara, mgongo umeegemea ukingo wa udongo, kofia yake mapajani, ameshakata roho. Hakuwa na jeraha lolote. Waganga wa hospitali walisema ni moyo. Pikipiki ilikuwa imesimama vizuri karibu naye, haina hata mkwaruzo, kwa hiyo waliipakia pamoja naye wakatuletea vyote viwili.

Mahali alipokutwa ndipo paliponila. Ilikuwa ni hatua chache kabla ya njia panda ya kuingia mjini. Mtu anayetoka Fataki akikata kushoto pale, anakuja kwetu. Akikata kulia, anakwenda kwa dada yake.

Jioni ile uani kwetu watu walijaa, wanalia na kusali. Binti yangu wa miaka sita akanivuta kitenge.

"Mama, Papa iko mu stoo. Iko anafungua jicho, anafunga."

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Stoo yetu ilikuwa ya mbao, na wanaume walikuwa wameiingiza pikipiki humo. Katika mwanya wa mbao niliona mwanga wa njano. Ulifunguka, ukafumba. Ukafunguka tena, ukafumba, polepole, kama mtu anayepigana na usingizi. Siku nyingine yoyote ningefungua mlango nikaangalia ni kitu gani. Lakini nilikuwa nimemwambia mtu akalale na pikipiki yake, na sasa yeye alikuwa amelala sebuleni chini ya shuka, nayo pikipiki inanikonyeza. Sikuufungua.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa ametufuata. Aliuona mwanga ule, akafanya ishara ya msalaba.

"Anakutafuta weye," akaniambia. "Ulimufukuza. Asubuhi alipita kwangu, akasema umemufukuza, nimupikie. Alikuwa anakuja kwangu. Sasa roho yake haijue nyumba ya kuingia."

Kwao vitu vya marehemu haviguswi hadi kilio kimalizwe, na mkono wa kwanza kuvigusa lazima uwe wa mjane. Wifi akafunga stoo kwa kufuli, ufunguo akaufunga katika pindo la kitenge chake. Kabla rozari haijaisha nilirudi kuchungulia. Jicho lilikuwa limeacha kufumba. Lilibaki wazi, hafifu, linaangalia tu, kisha likazimika.

Miezi tisa stoo ile haikufunguliwa. Watoto walizunguka nyumba nzima ili wasipite karibu nayo. Hata kuku, sijui nani aliwaambia, waliacha kutagia chini ya ukingo wake. Mimi mwenyewe, na mdomo wangu wote huu, nikifika pale nilinyamaza. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umeshafanya kazi yake.

Mara moja tu nilisimama mbele ya zile mbao, mchana kweupe, nikauliza, "Ulikuwa unaenda wapi?" Ndani kitu kikakwaruza. Nilijua ni panya. Nilikimbia hata hivyo.

Sikuwa naogopa mzimu, au nisiseme uongo, niliogopa mzimu kiasi. Jibu ndilo nililoliogopa zaidi. Wifi alilisema jibu hilo sokoni, akalisema baada ya misa, na mwishowe nami nililiamini: mume wangu alikufa akinikimbia. Niliwatazama watoto wanne wakila, nikawaza kwamba siku moja mtu atawaambia. Kile kitambaa cha meza nilikikunja nikakiweka chini ya godoro, na usiku nilipapasa matundu yake kwa kidole.

Siku ya kumaliza kilio ilifika na jua kali. Ndugu mdogo wa mume wangu alitoka Djugu, maana familia ilikuwa imekata neno kwamba pikipiki ni yake. Alikuja na fundi mwenye kamioneti ndogo ya kubebea mizigo, mzee mfupi, mpole, ambaye masharubu yake yalikuwa na harufu ya petroli. Wifi akafungua kufuli. Ndani palinuka mafuta yaliyooza, na panya walikuwa wamekula nusu ya kiti.

Fundi aliambiwa asiguse kabla yangu. Akainama, mikono nyuma kama mwanafunzi anayeadhibiwa, akachungulia.

"Kontakti ya funguo iko wazi," akasema. "Tangu ile siku hakuna mutu alifunga. Njo maana batri ilikufa. Mama, geuza funguo."

Ni kweli. Nani angekumbuka ufunguo, na mtu amelala chini? Nikaunyosha mkono wangu. Ufunguo ulikuwa baridi, na kwa muda haukutaka kugeuka. Kisha ukageuka. Nikashika usukani mwenyewe, wanaume wakasukuma kwa nyuma, tukaitoa juani.

Shemeji alitaka mambo yaende mbio. "Acha gari iwake, utie kable, twende."

"Hapana," fundi akasema. "Gari inazimwa. Moto, ile umeme ya gari yenye kuwaka, ni mingi, itaunguza hii ndogo. Batri yake peke yake inatosha." Alisogeza kamioneti hadi kable zifike, lakini vyuma visigusane, akazima injini. Akasoma maandishi ya betri ya pikipiki kwa kidole. "Duze. Volti kumi na mbili, sawa na ya gari. Kama ingekuwa sita, ningekunja kable zangu niende." Akaikagua kama ina ufa, akafungua vifuniko vyake, akaongeza maji. Kisha akamgeukia shemeji. "Na ile sigara, zima. Batri inatoa hewa. Cheche moja tu, inapasukia mu macho yako."

Kable nyekundu aliibana kwanza kwenye chanya ya pikipiki, ndipo ya gari. Nyeusi akaibana kwenye hasi ya gari, na ncha ya mwisho hakuipeleka kwenye betri kabisa; aliibana kwenye chuma cha injini ya pikipiki, mbali na betri. Alifanya yote polepole, na mimi niliona vidole vyake, nikamkumbuka mwingine aliyekuwa hana uangalifu huo.

"Mama, fungua."

Nikageuza ufunguo.

Tik. Tik. Tik.

Mwanga wa njano ukafunguka, ukafumba. Wifi alipiga ukelele, wanawake wawili wakakimbilia ndani. Binti yangu peke yake ndiye aliyesogea mbele.

"Mama, njo lile jicho!"

Fundi akacheka. "Siyo jicho, mutoto. Ni klinyota. Taa ya kuonyesha kona. Baba yako aliiwasha, hakuizima, ikakula batri mpaka ikaisha." Halafu akaona nyuso zetu, akaacha kucheka.

Nilikuwa naangalia ni taa ipi. Nilizunguka pikipiki nzima, mbele na nyuma, nikarudi nikaketi juu ya kiti kilicholiwa na panya, nikashika usukani kama alivyoushika yeye, ili nisikosee. Ilikuwa ya kushoto, upande wa njia ya kuja kwetu.

"Labda watu ya lori waliigusa," wifi akasema, lakini sauti yake haikuwa ile ya sokoni.

"Hii?" Fundi akaionyesha swichi yake kwa kidole, bila kuigusa. "Hii iko ngumu, mama. Mutu anaisukuma kwa kutaka."

Taa ikaendelea, tik, tik, kushoto, kushoto. Wifi akaketi chini, pale pale kwenye vumbi, na kitenge chake kipya cha kumaliza kilio.

"Nilikuwa nimemupikia," akasema. "Nilifunika chakula mpaka asubuhi."

Miezi tisa nilikuwa nimemchukia mwanamke yule, na sikuwahi kufikiria kwamba naye alingoja. Nikataka kumwambia neno zuri. Mdomo wangu, siku ile nilipouhitaji, haukuwa na kitu.

"Mama, uzime klinyota," fundi akasema kwa upole. "Inakula moto. Tupige kiki."

Nikaweka kidole gumba changu pale mume wangu alipokuwa ameweka chake. Kweli ilikuwa ngumu. Niliisukuma mpaka ikarudi katikati, mwanga ukafumba, nami nikamwambia kwa sauti, wote wanasikia, neno nililokuwa na deni lake tangu asubuhi ile.

"Karibu."