Kesho Naleta Mbili

Mume wangu Asukile hajawahi kukubali kwamba kitu kimempita. Nimeishi naye miaka thelathini na nne, najua ninachosema. Akikosa misa Jumapili moja, Jumapili inayofuata ataingia misa ya kwanza na ya pili, tena atakaa benchi lilelile. Akisahau kunisalimia asubuhi kwa sababu ng'ombe wamelia, jioni atanisalimia mara mbili. Siku za mwanzo za ndoa nilidhani ananitania. Baadaye nikaelewa kuwa ndivyo alivyo, nikawa namwitikia mara mbili ili tusichelewe kula.

Tunakaa Iyunga, Mbeya, na tunafuga ng'ombe wa maziwa wanne. Kila alfajiri Asukile anakamua, anafunga madumu kwenye baiskeli na kuzunguka nyumba za mtaa wa Soweto. Wateja wanampenda kwa sababu maziwa yake hayana maji, na wanamwogopa kwa sababu ya fidia zake. Baiskeli ikipata pancha Alhamisi, usidhani Alhamisi imeisha. Atampigia simu kila mteja: "Leo nimeshindwa, kesho naleta mbili." Na kesho yake analeta mbili kweli, utake usitake. Kama sufuria zimejaa, utajua mwenyewe pa kumimina.

Miaka minne iliyopita aliambiwa ana kisukari. Alianza na vidonge, na mwaka jana daktari akamwongezea sindano ya mara moja kwa wiki. Inakuja kama kalamu nene, kila kalamu na dozi yake moja. Unaibana tumboni, inalia "klik", kazi imekwisha mpaka wiki ijayo. Tulichagua Jumatatu. Wiki ya kwanza dawa hiyo ilimtesa jamani! Kalamu moja ilimlaza siku mbili anatapika, na mtu mwenyewe akiuona ugali anageukia ukutani. Polepole mwili ukazoea, sukari ikashuka, na akarudi kupanda vilima vyetu juu ya baiskeli bila kushuka kusukuma.

Halafu ikaja Jumatatu ya Meneja. Meneja ni ng'ombe wetu mkubwa, na jina hilo alilipata kwa kusimama mlangoni akiwazuia wenzake. Alishikwa na uchungu alfajiri, ndama akakaa vibaya, na Asukile akashinda bandani na daktari wa mifugo mpaka jioni. Ndama alipotoka mzima tulicheka, tukapika wali, tukalala kwa uchovu. Sindano haikukumbukwa na mtu. Hata mimi nilisahau, nakiri.

Alikuja kukumbuka Jumamosi asubuhi, na sio Jumamosi yoyote. Saa sita mchana tulikuwa tupande basi la Iringa. Jumapili mjukuu wetu Frida alikuwa anapokea Komunio ya Kwanza, kule upande wa Tosamaganga nilikozaliwa mimi na alikoolewa binti yetu Tusekile.

Safari hii ina historia. Frida alipobatizwa, miaka tisa iliyopita, babu yake hakwenda. Ng'ombe walikuwa na ugonjwa wa miguu, akasema hawezi kuwaacha. Tusekile hakugomba. Ila tangu siku ile, akipiga simu nyumbani alipiga kwenye namba yangu, anauliza habari za mama, mwisho kabisa anasema, "Msalimie baba." Asukile alikuwa akikaa karibu yangu na kikombe chake, anasubiri salamu hiyo. Iliniuma kumtazama. Yeye neno lake lilikuwa moja tu: "Nitafidia."

Basi kwa Komunio hii alijiandaa kama kwa harusi. Alishona suti. Jirani yetu Tadeo alikubali kukamua na kuwapelekea wateja maziwa. Kilichobaki ni kuchukua kalamu ya Jumatatu inayokuja, aifunge kwenye kitambaa na kuiweka kwenye kiboksi cha barafu.

"Verediana!" akaniita kutoka kwenye friji. "Mbona zimebaki mbili? Ilitakiwa ibaki moja."

Tukatazamana. "Meneja," nikasema.

Nilimwona usoni anavyopiga hesabu yake. Akaanza kupandisha shati. "Nachoma zote mbili sasa hivi. Moja ya Jumatatu iliyopita, moja ya Jumatatu inayokuja. Namaliza deni, tunasafiri bila mzigo."

"Asukile, moja ilikulaza siku mbili!"

"Wakati ule mwili ulikuwa haujazoea."

"Na kesho ukitapika kanisani, mbele ya wakwe?"

"Dozi ni dozi, mama Tusekile. Iliyokosekana inafidiwa."

Hapo nilipandwa na hasira. Niliiona miaka ile tisa ya kusubiri salamu inaongezeka mingine tisa, kisa kalamu mbili. Nikampokonya kalamu, nikaziweka kwenye kiboksi na barafu yake, nikajitanda khanga na kutoka. "Nazipeleka kwa Taslim. Ukizitaka, nifuate!" Akanifuata na suti yake mpya, shati likiwa nusu nje, mpaka Soweto.

Taslim ana duka la dawa, na ni mteja wetu wa lita mbili kila siku. Ni mzaliwa wa hapahapa, na kwa sababu yangu amejifunza salamu ya Kihehe.

"Kamwene, mama!" alisema. Kisha akamwona aliye nyuma yangu. "Mzee wangu, leo harusi?"

Nilimweleza yote bila kumpa Asukile nafasi ya kupumua. Taslim hakucheka. Alichukua karatasi ya dawa, akaisoma, halafu akanyoosha vidole.

"Mzee, kutoka leo Jumamosi mpaka Jumatatu ni siku ngapi?"

"Mbili."

"Basi ile ya Jumatatu iliyopita unaiacha. Kwa dawa yako hii, ukikumbuka zikiwa zimebaki siku tatu au zaidi kabla ya siku yako, unachoma palepale, halafu unaendelea na Jumatatu yako kama kawaida. Zikibaki pungufu ya tatu, unaruka. Jumatatu unachoma moja. Mbili kwa pamoja, hapana, hata siku moja."

"Na mwenye dawa nyingine ya wiki?" niliuliza, maana shoga yangu naye anachoma.

"Asome karatasi yake au aulize. Kila dawa na siku zake. Asiazime hesabu ya mzee."

Asukile hakuridhika. "Sasa ile Jumatatu inapotea hivihivi?"

"Mzee wangu, unakumbuka ile Alhamisi ya pancha? Ijumaa ukaniletea lita nne."

"Nakumbuka. Nilifidia."

"Hukufidia. Alhamisi tulishakunywa chai ya rangi, ikaisha. Ijumaa tulihitaji lita mbili tu. Zile mbili nyingine hazikuingia kwenye friji, zikachacha. Baba mkwe wangu alikula mtindi mpaka akawa anajificha akiniona na bakuli." Akamgusa tumboni kwa karatasi. "Na hapa napo ni friji dogo. Ukijaza ya wiki mbili, hairudishi Jumatatu. Inakumwagikia wewe."

Akampima sukari kidoleni. Ilisoma tisa na pointi nane. Taslim alisema imepanda kidogo, lakini si ya kutisha. Vidonge vyake aendelee navyo, apime kila asubuhi, na ikizidi kupanda aende hospitali asingoje Jumatatu. Kalamu iliyozidi ikarudi kwenye friji letu, kusubiri wiki yake.

Asukile alikaa kwenye benchi la wateja, shati bado nusu nje. Niliwahi kumwona hivyo alipokufa ng'ombe wake wa kwanza, na hasira yangu yote ikayeyuka.

Tulipanda basi, tukapita Makambako. Ndipo akauliza, akiangalia nje, "Na ubatizo nao haufidiwi?"

"Ubatizo nao," nikasema. "Unadhani sikuliona lile sweta kwenye begi?"

Maana alikuwa amelificha chini ya mashati: sweta jeupe la kitoto alilolinunua Frida akiwa na wiki tatu. Miaka tisa limekaa kabatini. Alikuwa amepanga kumpa pamoja na zawadi ya Komunio, ili iwe mbili.

Jumapili tulikuwa wa kwanza kufika kanisani. Frida alipopita na gauni lake jeupe na mshumaa, Asukile alisimama wima wakati watu wote wamekaa, na sikumvuta koti. Alikula pilau nyumbani kwa Tusekile, kiasi chake, na hakikutoka kitu.

Baada ya chakula akalitoa sweta. "Hili nilikununulia ubatizo wako," akamwambia Frida, lakini macho yalikuwa kwa Tusekile. "Sikuja. Nilikosea, mwanangu, na siku ile siwezi kuileta tena. Leo nimekuja kwa ajili ya leo."

Tusekile alishika sahani aliyokuwa anaipanguza, hakujua aiweke wapi. Frida naye akalipima sweta, mkono haupiti, kichwa hakipiti, mwisho akalivaa kichwani kama kofia, mikono inaning'inia masikioni. Wakwe walicheka, Asukile akacheka mpaka akatoa leso. Tusekile alicheka huku analia, akaja akakaa karibu na baba yake.

Jumatatu asubuhi akachoma moja. Klik. Tulikuwa bado mezani simu yake ilipolia. Alikuwa Manjula, mteja wake wa miaka mingi wa Soweto.

"Mzee Asukile, jana sikuletewa maziwa, na leo pia bado!"

Tadeo alikuwa ameipita nyumba ile. Nilimtazama mume wangu akifungua kinywa, nikajua kinachokuja. Akasita. Akamwangalia Tusekile, aliyekuwa anammiminia chai isiyo na sukari.

"Pole sana, mama. Ya jana imepita. Ya leo namwambia Tadeo sasa hivi. Nikirudi, Jumatano nakuletea ya Jumatano."

Sote tukamsikia Manjula: "Mzee, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Niko kwa binti yangu."

Tumerudi Iyunga sasa. Mlango wa banda la Meneja una alama za chaki, moja kwa kila Jumatatu, na ile iliyorukwa ameiacha wazi, hakuijaza. Tusekile siku hizi hapigi tena kwenye namba yangu. Kila Jumatatu anampigia baba yake kumuuliza kama amechoma, nami nikiwa jikoni namsikia Asukile akijibu kwa sauti kubwa kama anahutubia: "Moja, mwanangu. Moja tu."